Kaka Yangu Analala Tunduma, Analipwa Nakonde: Kodi Yake ni ya Nani?

Vijana wenzangu, leo naomba niwaandikie jambo ambalo nilishawahi kulisema vibaya mbele yenu. Kwenye kikao chetu cha vijana pale Tunduma, kijana mmoja dereva aliuliza: kama nafanya kazi Zambia na mshahara wangu unatoka Zambia, Tanzania ina haki ya kunidai kodi? Mimi, kwa kuwa nasoma sheria na watu walishanigeukia, nilisimama nikajibu kwa sauti kubwa kwamba haina. Nikasema hela ya Zambia kodi yake inaishia Zambia. Watu wakapiga makofi, na mimi nikakaa chini nimefurahi.

Nilikosea. Na niligundua nimekosea nyumbani kwetu, mezani kwa mama.

Kaka yangu mkubwa ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Nakonde. Wanaoijua Tunduma wanaelewa maisha hayo. Asubuhi anavuka na kitambulisho chake, jioni anarudi kulala nyumbani, Sogea. Kibali chake cha kazi kiko sawa, karatasi ya mshahara anapewa kila mwezi. Analipwa kwacha 5,000. Huko kwetu hiyo sio ajabu hata kidogo. Mtoto wa darasa la tatu anajua kubadilisha kwacha kuwa shilingi kabla hajajua jedwali la saba. Bibi zetu wa Kinyamwanga wana ndugu pande zote mbili, na msiba ukitokea upande wa pili hakuna anayeuita wa nje ya nchi. Mpaka tunaujua pale tu askari anaposema simama.

Sasa kaka alikuwa anataka kufungua kibanda cha rangi na misumari huku kwetu. Akaenda kwa mtu mmoja wa pembeni, hawa wanaojazia watu fomu kwenye maduka ya stesheneri, wenyewe tunawaita vishoka. Yule bwana akamuuliza mtaji umetoka wapi. Kaka akasema ni akiba ya mshahara wa Nakonde. Kishoka akashika kichwa: "Aisee, wewe una deni la miaka minne la mapato ya nje, ukijulikana unafilisiwa." Halafu akashusha sauti, akasema nipe laki moja na nusu nilimalize. Kaka akatoa. Hakupewa risiti wala karatasi yoyote. Baada ya wiki mbili simu ya kishoka ikawa haipatikani.

Jioni ile kaka akanigeukia: "Mdogo wangu, wewe si ndiye mwanasheria wetu? Niambie ukweli. Mimi nadaiwa au sidaiwi?"

Nikafungua sheria. Hiki ndicho nilichokikuta, na nakiandika hapa kwa sababu nina deni kwenu kama kaka anavyodhani ana deni kwa Serikali.

SHERIA INASEMAJE

Sheria yenyewe ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332. Kifungu cha 6 kinasema kwamba mtu ambaye ni mkaazi wa Jamhuri ya Muungano anatozwa kodi kwa mapato yake yote ya ajira, biashara na uwekezaji, bila kujali yametoka wapi. Iwe Nakonde, Lubumbashi, Muscat au London. Asiye mkaazi anatozwa kwa yale tu yenye chanzo hapa nchini.

Kwa hiyo swali la kwanza sio hela imetoka wapi. Swali la kwanza ni wewe ni mkaazi au sio mkaazi. Na hapo ndipo wengi wetu tunapotea, kwa sababu tunachanganya ukaazi na uraia. Mkaazi wa kodi hatambuliwi kwa pasipoti. Kifungu cha 66 kinampima kwa njia nne. Ya kwanza, una makazi ya kudumu Tanzania na katika mwaka husika umekuwepo nchini kwa kipindi chochote kile. Ya pili, huna makazi hayo lakini umekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Ya tatu, umekuwepo mwaka huo na miaka miwili kabla yake, na wastani wa siku zako umezidi 122 kwa kila mwaka. Ya nne ni mtumishi wa Serikali aliyepelekwa kufanya kazi nje.

Mpime kaka yangu. Analala Sogea kila siku, kitanda chake kipo, mke wake yupo, kuku wake wapo. Hata ukimtafutia upenyo kwa tochi, huyu ni mkaazi. Na kwa kuwa mwajiri wake yuko Zambia, hakuna mtu anayemkata kodi ya Tanzania kila mwezi kama anavyokatwa mwalimu au mfanyakazi wa benki. Maana yake ni kwamba jukumu la kupeleka ritani ni lake mwenyewe, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, mwisho ni tarehe 30 Juni.

Nilipomsomea hilo, kaka alinyamaza. Mama akauliza, "Kwa hiyo yule mwizi alikuwa anasema kweli?"

Ndiyo, mama. Kuhusu deni alikuwa karibu na ukweli. Uongo wake ulikuwa pale aliposema laki moja na nusu ingelimaliza.

HESABU TUIPIGE WOTE

Tusiongee hewani, tuchukue kalamu. Kwa urahisi wa hesabu tuseme kwacha 1 ni shilingi 100. Kiwango halisi kinapanda na kushuka, wale wanaoshika mabunda ya noti pale mpakani watakwambia, lakini shilingi 100 inatusaidia kuelewa.

Viwango vya Zambia vilivyoanza Januari 2024 vinasema hivi: kwacha 5,100 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi. Kutoka hapo hadi 7,100 ni asilimia 20, hadi 9,200 ni asilimia 30, na inayozidi hapo ni asilimia 37. Kwetu Tanzania, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na inayozidi ni asilimia 30.

Kifungu cha 77 kinatoa nafuu: kodi ya mapato uliyolipa nchi nyingine inapunguzwa kwenye kodi unayodaiwa hapa kwa mapato yaleyale, ili mradi isizidi kile ambacho Tanzania ingekutoza. Ikizidi, kilichobaki unaweza kukibeba kwenda miaka ya mbele. Sasa tuangalie watu watatu.

Wa kwanza ni kaka, kwacha 5,000, sawa na shilingi 500,000. Zambia hakatwi kodi ya mapato hata ngwee moja, kwa sababu hajafika 5,100. Anakatwa ya pensheni na ya bima ya afya basi. Tanzania inahesabu 500,000 toa 270,000, inabaki 230,000, asilimia 8 yake ni shilingi 18,400 kwa mwezi. Hana kodi aliyolipa Zambia ya kupunguza. Kwa mwaka ni shilingi 220,800.

Wa pili ni mtu wa kwacha 6,000, sawa na shilingi 600,000. Zambia anakatwa kwacha 180, yaani shilingi 18,000. Tanzania ingemtoza shilingi 36,000. Toa zile 18,000, anabakiwa na deni la 18,000 kwa mwezi, au 216,000 kwa mwaka.

Wa tatu ni dereva wa lori wa kampuni ya kule, nyumbani kwake Vwawa, analipwa kwacha 10,000, sawa na shilingi 1,000,000. Zambia anakatwa kwacha 1,326, yaani shilingi 132,600. Tanzania ingemtoza 128,000. Ameshalipa zaidi ya hapo, kwa hiyo hadaiwi kitu. Lakini kama hana ushahidi kwamba alikatwa, nafuu ya kifungu cha 77 ataisikia tu kwenye redio.

Mnaona picha inavyokuja? Ukiisoma sheria yetu peke yake, mwenye mshahara mkubwa anatoka bila deni, na mwenye mshahara mdogo ndiye anayedaiwa. Nilipofika hapo, damu ilichemka. Nikaanza kuandika makala ya moto: Serikali inamkaba mnyonge ambaye hata Zambia imemhurumia. Kichwa cha habari nilishakipata.

Halafu nikakumbuka jirani yetu. Anafanya kazi duka la vifaa vilevile, upande wetu wa mpaka. Analipwa shilingi 500,000. Kila mwezi anakatwa 18,400 kabla hajaigusa hela. Mtoto wake na wa kaka wanasoma shule moja, wanatibiwa kituo kimoja cha afya, wanachota maji foleni moja. Kwa haki gani nitamwambia jirani alipe na kaka asilipe, eti kwa sababu mmoja anavuka kamba asubuhi na mwingine havuki? Nilijaribu kulijibu swali hilo siku tatu. Sikulipata jibu, na ile makala ya moto nikaifuta.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba kodi hii ni wizi. Kanuni ya kumtoza mkaazi kwa mapato yake ya dunia nzima ina maana yake. Bila kanuni hiyo, bwana mkubwa mwenye nyumba za kupangisha Dubai angekaa Dar es Salaam akila kodi za wapangaji wake huku akituachia sisi wauza mahindi tumjengee barabara. Hatutaki kuifuta kanuni itakayomgusa huyo.

Shida yetu iko kwenye namna kanuni hii inavyomfikia mtu wa mpakani. Mimi naona haijawahi kumfikia kabisa, mpaka siku kishoka alipoitumia kumtisha.

MKATABA ULIOFICHWA NA VUMBI

Kuna jambo jingine ambalo kaka hakuwahi kuambiwa na mtu. Tanzania na Zambia zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Ulisainiwa mwaka 1968. Wakati huo reli ya TAZARA ilikuwa bado haijaanza kujengwa, na kodi yetu ya mapato ilikuwa bado inaendeshwa chini ya sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki. Zambia ni miongoni mwa nchi chache ambazo tumekuwa na mkataba wa aina hiyo kwa miaka mingi, pamoja na India, Italia, Kanada, Afrika Kusini, Sweden, Norway, Denmark na Finland. Kwa jirani zetu wa Afrika Mashariki, mkataba wa Jumuiya ulisainiwa mwaka 2010 na umekaa miaka yote hii bila kuanza kutumika. Kwa hiyo hapo mtu wa Tunduma ana bahati kuliko mtu wa Namanga.

Mkataba ukipingana na sheria ya ndani, kwa kawaida mkataba ndio unaotangulia. Maana yake hesabu zote nilizopiga hapo juu, ambazo ni za sheria yetu peke yake, mkataba unaweza kuzibadilisha. Na linakuja swali zuri la kisheria: mtu kama kaka, ambaye mshahara wake uko ndani ya mfumo wa kodi wa Zambia lakini amekatwa sifuri kwa sababu hajafika kiwango, ahesabiwe kwamba ametozwa kodi Zambia au hajatozwa? Kwa mwanafunzi wa sheria hilo ni swali la mtihani. Kwa kaka ni shilingi 220,800 kila mwaka.

Swali hilo halipaswi kujibiwa na mimi, wala na kishoka. Linapaswa kujibiwa na Serikali, kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwa mfano wa mtu anayelipwa kwacha. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili lugha ya sheria za nchi hii iwe Kiswahili. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini mtunza stoo wa Sogea anahitaji zaidi ya tangazo. Anahitaji karatasi moja inayosema: wewe unayelala Tunduma na kulipwa Nakonde, fanya moja, mbili, tatu.

Mwaka 2019 marais wa nchi mbili walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha forodha pale mpakani. Lori linakaguliwa na nchi zote mbili sehemu moja. Jambo jema, ingawa foleni ya malori bado tunaijua mpaka Mpemba huko. Sasa kama mzigo wa shaba umewekewa utaratibu wa nchi mbili kukaa meza moja, mshahara wa binadamu umekosa nini? Kwa nini hakuna dawati pale la mfanyakazi anayevuka?

NA DADA ZETU WA MUSCAT JE?

Kaka ana nafuu moja: yupo hapa, anaweza kuuliza. Kuna wengine. Kila mtu anayesoma hapa anamjua binti wa mtaani kwake aliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani. Pengine ni dada yako.

Mpime kwa kifungu cha 66. Ameondoka na mkataba wa miaka miwili. Katikati anapewa likizo, anakuja Mbozi wiki tatu kumuona mtoto wake aliyemwachia bibi. Ana makazi ya kudumu Tanzania? Nyumba ya mama yake, ambako nguo zake zipo na mtoto wake yupo, ni makazi ya kudumu au sio? Akisemwa ni ndiyo, basi zile wiki tatu zinatosha, kwa sababu kifungu kinasema kipindi chochote kile cha mwaka. Mshahara wake wote wa mwaka, wa kufua, kupika na kulea watoto wa watu, unaingia kwenye kodi ya Tanzania. Na kwa kuwa Oman hakatwi kodi ya mapato, hana cha kupunguza. Tuseme mshahara wake ukibadilishwa ni shilingi 600,000. Deni lake ni 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka. Ameadhibiwa kwa kuja kumuona mwanawe. Angekaa hukohuko bila kurudi, asingedaiwa.

Hapa sina jirani wa kumlinganisha naye. Huyu dada mwaka mzima hatumii barabara yetu, hatibiwi hospitali yetu, na akipata shida na mwajiri anahangaika mwenyewe na simu yake. Sidhani kama waliotunga kifungu hiki walimkusudia yeye, lakini maneno yaliyoandikwa hayamuachi. Na sheria ya aina hiyo ni hatari hata kama leo hakuna anayemfuata, kwa sababu kesho ofisa mmoja mwenye njaa, au kishoka mmoja mwenye simu ya mkopo, anaweza kuifungua na kumtisha nayo.

Na kuna hili la kura. Mwaka wa uchaguzi, Mtanzania aliye nje ya nchi hana utaratibu wa kupiga kura huko aliko. Tuna sheria inayomkumbuka popote alipo duniani anapopata mshahara, na hatuna sheria inayomkumbuka anapotaka kumchagua atakayeutumia. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitatozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Bunge ni la wapiga kura. Msingi wa ibara hiyo ni kwamba anayetozwa ana sauti kwa anayetoza. Huyu dada sauti yake iko wapi?

TUNADAI NINI

Upinzani unaoishia kulalamika haumsaidii mtu. Mimi napendekeza tubebe madai haya manne, kwenye vikao, kwa madiwani, kwa wabunge wa chama chochote kile watakaokubali kutusikiliza.

Moja, Serikali itoe mwongozo wa Kiswahili kwa wafanyakazi wa mipakani, wenye mifano ya kwacha, na iuweke mkataba wa 1968 kwa Kiswahili mahali mwananchi anaweza kuusoma. Mwongozo huo ujibu wazi swali la anayelipwa chini ya kiwango cha Zambia.

Mbili, Bunge lirekebishe kifungu cha 66. Mtu aliyeko nje kwa mkataba wa kazi, akija likizo fupi, likizo hiyo isimgeuze kuwa mkaazi. Na maneno "makazi ya kudumu" yafafanuliwe ndani ya sheria yenyewe, tusiachiwe kubahatisha.

Tatu, atakayejitokeza mwenyewe asamehewe riba na adhabu za nyuma. Hili sio geni. Mwaka 2018 Serikali ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa wenye malimbikizo ya kodi. Kama ulitolewa kwa wafanyabiashara, utolewe kwa mtunza stoo. Na alipe kwa mwezi, kidogokidogo, kama jirani yake anavyolipa. Kumletea mtu wa laki tano deni la mwaka mzima kwa mkupuo ni kumfundisha kujificha.

Nne, utaratibu wa kura kwa Watanzania walio nje. Hili ni la zamani, tumelisema mpaka sauti zimekauka, na tutaendelea kulisema.

KWA WALE WATAKAONIKASIRIKIA

Najua kuna makamanda watasema: wewe dada unatufundisha kulipa kodi ili watawala wanunue magari? Nimeshaulizwa hivyo, na aliyeniuliza namheshimu.

Jibu langu ni hili. Kodi sio mali ya chama tawala. Tukianza kuongea kana kwamba ni yao, tumeshawapa. Mimi nataka siku kaka atakaposimama kwenye mkutano wa mtaa kuuliza kwa nini Sogea haina maji, awe na risiti mfukoni. Mtu mwenye deni la siri haulizi maswali kwa sauti. Anakaa nyuma, anatazama mlango. Miaka minne kaka yangu hakujua anaogopa nini, na alipoambiwa, alikuwa tayari kumpa mwizi laki moja na nusu ili tu asijulikane. Hofu hiyo ndiyo inayowanenepesha vishoka, na ndiyo inayowafanya vijana wa Tunduma wainamishe vichwa mbele ya kila mwenye kofia.

Kwa hiyo, mpaka madai yetu yasikilizwe, naomba ufanye mambo machache. Tunza kila karatasi ya mshahara, hata ikilowa mvua ikaushe. Mwombe mwajiri wako wa Zambia uthibitisho wa maandishi wa kodi aliyokukata na kuilipa. Andika siku zako, uliingia lini na ulitoka lini, mihuri ya pasipoti inafutika. Uliza swali lako kwa mamlaka kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na usimpe hela mtu yeyote anayesema ataimaliza bila risiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unapanda kwa riba.

Kaka ameandika barua yake wiki iliyopita. Niliisoma kabla hajaipeleka, nikarekebisha mambo mawili tu. Ameeleza anachofanya, anacholipwa na tangu lini, akauliza mkataba wa 1968 unamhesabuje. Hajibembelezi wala hatukani. Chini ameandika jina lake lote.

Alipotoka mlangoni alisema, "Mdogo wangu, wakiniambia nilipe nitalipa. Ila na wewe nenda kawaambie wale vijana uliowadanganya."

Ndio hivyo nimewaambia.